Kiti cha Lindqvist

Mlangoni pa ukumbi wa baraza la jiji walikuwa wanagawa fulana. Upande wa kulia za bluu, zimeandikwa ASKARI ZAIDI. Upande wa kushoto za rangi ya chungwa, zimeandikwa VIJANA KWANZA. Nilipewa zote mbili kabla sijafungua mdomo, maana pande zote zilikuwa zinanijua. Yule wa bluu alinikumbatia. Yule wa chungwa naye akanikumbatia, kwa nguvu zaidi, kama vile wanashindana. Nikazitia fulana mkobani nikaenda kukaa katikati, nyuma ya Bwana Fenstermaker, ambaye huja kila wiki kulalamikia majani ya miti yasiyozolewa.

Mimi ni mama yake Corinne Dubicki. Hapa Brandt Falls hiyo ni kazi kamili. Miaka sita iliyopita binti yangu alimaliza zamu yake kwenye duka la donati, akaingia ndani ya gari lake akaondoka. Kesho yake gari likaonekana kwenye maegesho ya bustani ya mtoni, limefungwa vizuri, koti lake liko kiti cha nyuma. Yeye mwenyewe hakuonekana. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Watu wakiniuliza najisikiaje huwa nawajibu kwamba sijisikii, nao wanadhani natania. Sitanii. Ni kama mdomo baada ya sindano ya daktari wa meno: unajua upo, unaugusa kwa ulimi, lakini si wako.

Ilikuwa Jumanne ya mwanzo wa Desemba, kikao cha kupitisha bajeti ya mwaka, na theluji ya kwanza ilikuwa imeshaanza kugeuka tope barabarani. Nilikwenda kuomba kitu kimoja tu. Nilitaka kiti cha Otis Lindqvist kipate mtu.

Idara nzima ya polisi ya Brandt Falls ilikuwa na mpelelezi mmoja wa watu waliopotea, naye ndiye Lindqvist. Jitu refu, kimya, anayeongea kana kwamba kila neno linakatwa kodi. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi alikuwa ananipigia simu. "Marlene, sina kitu," angesema. "Lakini nipo." Nami ningemjibu, "Haya, Otis. Njoo ule." Wakati mwingine alikuja, akala pierogi, zile sambusa za kuchemsha, za vitunguu, sahani mbili, akamuuliza Verne, mume wangu, maswali yale yale aliyomuuliza tangu mwanzo, safari hii kwa mpangilio mwingine. Aliwarudisha wapiga mbizi mtoni mara tatu. Aliendesha gari mpaka Indiana kwenda kutazama maiti ya msichana, akarudi akaniambia siye, kisha akakaa jikoni kwangu bila kuvua koti. Mwezi wa Oktoba alistaafu. Mapafu ya mkewe yalikuwa yanataka hewa kavu ya Arizona, na hakuna mtu ambaye angemlaumu.

Alikuja kuniaga.

"Mkuu wa polisi ameniahidi ataweka mtu," alisema. "Ila Januari. Sasa hivi hana wa kumtoa kwingine."

"Na mpaka Januari?"

"Kiti kipo. Hakina mtu tu. Nenda siku ya bajeti ukakisemee, Marlene. Ukumbi ule nauelewa. Kisichosemwa mle ndani, wanakihesabu hakipo."

Verne hakuja nami. Anasema ameshasikia jina la mtoto wake likitamkwa kwenye vipaza sauti kiasi cha kumtosha. Nilimwachia supu kwenye jiko nikaondoka.

Tukasimama, tukaweka mikono vifuani tukaiapia bendera, tukakaa, na Mwenyekiti wa baraza, Bi Roberta Oakley, akagonga nyundo yake. Roberta namfahamu tangu zamani. Ndiye aliyemfundisha Corinne kuogelea kwenye bwawa la jiji, enzi hizo hajawa na nyundo.

Mjadala wa polisi ulikuwa umeshachukua majuma mengi, kwa hiyo kila mtu alijua mwenzake atasema nini, na hilo halikumzuia yeyote kusema. Alianza Diwani Dwight Hutchens, mwenye duka la matairi.

"Ndugu zangu, tuna askari wa doria wachache kuliko tulivyokuwa nao nikiwa kijana! Jiji limekua, polisi imepungua. Kungekuwa na gari moja, moja tu la doria pale mtoni siku ile, mama yule asingekuwa amekaa pale peke yake!" Akanionyesha kwa kidole. Fulana za bluu zikapiga makofi. Vichwa vikageuka. Nikatazama kisogo cha Bwana Fenstermaker.

"Dwight, usituletee habari za gari la doria," akamkata Diwani Lavinia Peoples, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya kati kabla ya kustaafu na ambaye bado anaongea na watu wazima kana kwamba wamechelewa darasani. "Basi la usiku lilifutwa na nani? Na wewe ulinyoosha mkono! Binti wa watu angekuwa na basi, angefika kwao."

"Basi la nini, Lavinia? Msichana alikuwa na gari!"

"Gari gani? Gari bovu!"

"Sasa we umejuaje ni bovu?"

Fulana za chungwa zikamshangilia Lavinia hata hivyo. Gari halikuwa bovu. Verne alilitia betri mpya wiki ile ile na akalipitia mwenyewe, breki mpaka taa. Lakini sikunyanyua mkono kusahihisha. Kwa miaka sita nimesikia mengi kuhusu Corinne kutoka kwa watu wasiomjua, na nimegundua kwamba yeye wanayemsema ni msichana mwingine kabisa, ambaye anafaa kwenye hotuba. Wangu alikuwa anakata kucha sebuleni na kudai kwamba si yeye.

Kisha ukafika wakati wa wananchi. Kila mtu anapewa dakika tatu, na juu ya meza ya kusemea kuna taa ndogo: ya kijani uanze, ya njano ufupishe, nyekundu ukae. Bwana Fenstermaker alitangulia.

"Nakuja hapa tangu mwezi wa kumi," alisema. "Majani yamekuwa matope. Matope yameganda. Sasa mnangoja nini, yafufuke?"

"Tumekusikia, Bwana Fenstermaker."

"Hamjanisikia. Mngenisikia yangekuwa yamezolewa."

Watu wakacheka, hata mimi nadhani nilicheka. Kisha nikaitwa mimi na kicheko kikakatika ghafla, ukumbi mzima ukawa kama kanisani.

Nikasema niliyokuja kusema. Kwamba sikuja kwa ajili ya bluu wala chungwa. Kwamba kuna kiti kimoja, cha mpelelezi wa watu waliopotea, na tangu Oktoba hakina mtu. Kwamba simu ya mezani kwake ndiyo iliyoandikwa kwenye karatasi zote tulizobandika mpaka Toledo, na siku hizi ikilia hainyanyuliwi na mkono wa mtu yeyote. Kwamba naomba apatikane wa kuipokea. "Hamna haja ya kumfahamu Corinne," nikasema. "Nataka mtu mmoja tu ambaye kazi yake ni kumtafuta. Mmoja." Taa ilikuwa bado ya kijani nilipomaliza. Nikabaki nimesimama, maana dakika zilikuwa bado zangu.

Makofi yakatoka pande zote mbili. Bluu walikuwa wamesikia polisi. Chungwa walikuwa wamesikia sikuja kwa ajili ya bluu. Nikarudi kukaa.

Baada ya hapo Bi Oakley akaahirisha kikao kwa muda mfupi, watu wakamwagika kwenye korido kunywa kahawa. Nilikuwa nimesimama karibu na mashine ya soda nilipowaona Hutchens na Peoples wakinijia pamoja, wakitembea bega kwa bega. Tangu nimeanza kuhudhuria vikao sikuwahi kuwaona hata wakipeana mkono.

"Marlene, dada yangu," akaanza Hutchens, "umetuaibisha."

"Umetuaibisha kweli kweli," akasema Peoples. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mama wa watu anasimama pale anaomba mtu mmoja, na sisi tunavutana kama watoto wa chekechea. Tumekaa tumeelewana. Mimi na huyu!"

"Mara ya kwanza tangu aliponipinga kwenye taa za barabara ya Summit."

"Na nilikuwa sahihi."

"Hukuwa sahihi, Lavinia, ila leo sitaki ugomvi." Akanigeukia. "Tuna marekebisho ya bajeti. Askari kumi wa doria wanaingia, kituo cha vijana kinafunguliwa. Wote saba tutaunga mkono. Na tunaomba ruhusa yako tuyaite Marekebisho ya Corinne."

Niliuliza. Hilo nataka lieleweke, kwamba niliuliza. "Na kiti cha Lindqvist kimo?"

"Humo kila kitu kimo," akasema Hutchens. "Kila mtu kapata."

Peoples akaishika mikono yangu yote miwili. "Na raha ya jambo lenyewe, hakuna hata mtu mmoja anayefukuzwa kazi. Hata mmoja, mpenzi wangu."

Nikawaruhusu. Walikuwa wanangoja wakiwa na nyuso za kunyenyekea, na mimi nilitamani, sijui kwa nini, nilitamani jina lake liitwe mahali ambapo si kwenye taarifa ya polisi. Peoples akanibusu shavuni. Hutchens akaninunulia soda ambayo sikuitaka.

Tuliporudi ndani, katibu akasoma marekebisho. Ana sauti nzuri ya usingizi, na alisoma bila kupumzika. Askari kumi wa doria. Kituo cha vijana upande wa mashariki, na wafanyakazi wake. Kisha akafikia fedha zitatoka wapi. Zitatoka, akasoma, kwa kufuta nafasi zote za idara ya polisi zisizo za doria ambazo kufikia leo hazina mtu.

Ndivyo wanavyopunguza hapa, na si kwetu tu. Hawamgusi aliyekaa. Aliyekaa ana mke, ana chama cha wafanyakazi, ana jirani anayepiga kura. Wanatafuta viti vitupu wanaviondoa, halafu wanarudi nyumbani wakijisifu kwamba hakuna aliyeumia. Lindqvist angebaki mpaka Krismasi, kiti kingekuwa salama. Mkuu wa polisi angeweka mtu yeyote pale, hata karani, kingekuwa salama. Lakini kilikuwa kitupu, na kitupu ndicho walichokuwa wanakitafuta.

Nikasimama.

Bi Oakley akaniona akatabasamu. "Bi Dubicki, muda wa wananchi umekwisha, na kanuni ni kanuni. Lakini tunakuona. Jiji zima linakuona."

Wakapiga makofi. Walidhani nimesimama kushukuru. Watu wa mbele wakasimama nao, kisha wa nyuma, bluu na chungwa, na mimi nikiwa katikati yao nimefungua mdomo na hakuna sauti iliyonifikia hata mimi mwenyewe. Kura zikapigwa. Ndiyo saba, hapana hakuna. Hutchens akamkumbatia Peoples juu ya meza mpaka gilasi ya maji ikamwagikia karatasi.

Hoja iliyofuata ilihusu leseni za mbwa. Wakati wanaisoma nilipita kando ya ukuta nikapanda zile ngazi mbili mpaka kwenye kiti cha Roberta Oakley, mahali ambapo mwananchi haruhusiwi kufika. Mlinzi alinitazama akageuza uso.

"Roberta," nikamnong'oneza, "mmefuta kiti cha Lindqvist."

"Hatujafuta mtu yeyote, mpenzi. Ni nafasi tupu tu."

"Chake ni kitupu. Tangu Oktoba. Nimewaambia pale mbele, dakika chache zilizopita."

Akavuta karatasi yake, akapitisha kidole. Niliona alipofika, kwa sababu kidole kilisimama. Uso wake ukashuka.

"Mungu wangu," akasema. "Marlene. Mungu wangu."

"Rekebisheni."

"Imeshapitishwa." Akafunika kipaza sauti kwa kiganja. "Sikiliza. Mtu aliyepiga kura ya ndiyo anaweza kuomba hoja ifunguliwe tena, ilimradi kikao hakijafungwa. Mimi nilipiga ndiyo, naweza. Lakini lazima apatikane mmoja wa kuniunga mkono. Na nikiifungua, inafunguka yote, unaelewa? Askari, kituo, kila kitu. Wale wawili watarudi kukabana koo mpaka Krismasi." Akanitazama kama anayeomba nimwokoe. "Naweza kukuahidi mwakani. Jambo la kwanza kabisa, mwakani. Ila ukisema niombe, naomba."

Nilielewa anachokitaka. Alitaka niseme basi, acha, mwakani siyo mbali. Nilimchukia wakati ule, na ilinishangaza kidogo, maana ni muda mrefu sijamchukia mtu.

"Omba," nikasema.

Mbwa walipomalizika akaomba, na kusema kweli aliomba vizuri. Alieleza kwamba kuna kosa limefanyika, kwamba nafasi ya mpelelezi wa watu waliopotea imefutwa bila kukusudiwa. Ukumbi ukaguna. Watu waliokuwa wameshavaa makoti wakakaa tena wakiwa na hasira. Bi Oakley akamgeukia Mkuu wa polisi, aliyekuwa amekaa ukutani na askari wake kumi wapya mfukoni.

"Mkuu, faili la Corinne Dubicki sasa litashikwa na nani?"

Akasimama akafunga kifungo cha koti. "Na kikosi kizima, Mwenyekiti. Kila askari wangu atakuwa anamtafuta."

Makofi tena. "Jibu zuri sana hilo!" mtu akapaza sauti.

"Mkuu," nikasema kutoka pale ngazini, "nikipiga simu Jumatatu, nani atapokea?"

Akakaa, akakifungua tena kifungo cha koti. Msichana mmoja wa fulana ya chungwa akasimama safu ya nyuma. Alikuwa na umri ule ule, kumi na tisa, labda ishirini, na mkononi alikuwa na bango lenye picha ya binti yangu, ile ya kumaliza shule, ambayo Corinne alikuwa anaichukia kwa ajili ya nywele.

"We mama, kaa chini!" akanipigia kelele. "Unaharibu! Hii ni kwa ajili ya Corinne!"

Mwenzake akamvuta mkono akamnong'oneza. Nikaona anavyobadilika rangi, bango likashuka, maskini wa Mungu. Simlaumu. Angenijulia wapi?

"Nani anaunga mkono hoja ifunguliwe?" Bi Oakley akauliza.

Hutchens alikuwa anapangusa karatasi zake zilizolowa, moja moja, kwa uangalifu mkubwa. Wanne wengine, ambao hata majina yao hayana haja, walitazama meza. Lavinia Peoples alinitazama mimi. Machozi yalikuwa yanamtiririka waziwazi, hakuyafuta, na midomo yake ikasema bila sauti: mwakani.

"Nauliza tena. Kuna anayeunga mkono?"

Mtambo wa kupasha jengo joto ulikuwa unanguruma kwenye mabomba. Bwana Fenstermaker akainua mkono wake, akiwa pale kwenye viti vya wananchi. "Mimi naunga!"

"Samahani, Bwana Fenstermaker. Wewe si diwani."

"Najua kuwa mimi si diwani," akasema, na hakuushusha mkono.

Roberta akangoja zaidi ya ilivyopasa, hilo nampa. Kisha akagonga nyundo, kikao kikafungwa.

Nilitaka kutoka haraka, lakini njia ilikuwa imeziba. Walikuwa wamejipanga. Hakuna aliyewapanga, ilitokea tu, safu kutoka ngazini mpaka mlangoni, bluu na chungwa wamechanganyika, wakinijia mmoja baada ya mwingine. Peoples alikuwa wa kwanza. Akanishika mikono, akaniambia Corinne angejivunia. Hutchens akaniambia jina lake halitasahaulika katika jiji hili. Mkuu wa polisi alivua kofia. Mwanamke nisiyemjua aliniletea sahani ya biskuti imefunikwa kwa plastiki. Yule msichana wa bango akafika analia, akaniinamia begani na mimi nikampigapiga mgongoni.

Nimewazika wazazi wangu wote wawili, na kaka yangu, kwa hiyo safu ya namna ile, ya watu wanaokuja kutoa pole, naifahamu. Najua unasimama vipi na miguu unaiwekaje ili usichoke. Kwa miaka sita dada yake Verne amenisihi tufanye hata misa ndogo, watu wapate kuaga, nami nimemkatalia kwa sababu kulikuwa na mtu anayemtafuta. Sasa walikuwa wamekuja wote, na walikuwa bado wanaingia zamu, na mkono wangu ulikuwa mbele yangu unapokea.

"Asante kwa kuja," nikamwambia msichana. Kisha nikamwambia aliyemfuatia, na wa nyuma yake. "Asante kwa kuja. Asante kwa kuja."